Boti ya kutwa Ziwa Baringo: visiwa vya volkano, maji yanayochemka, na vile utajipanga ukitoka Nairobi

Sisi watu wa Nairobi tukisikia visiwa vya volkano akili inaruka moja kwa moja Ugiriki, viza, tikiti ya ndege, mtu anafunga hiyo stori na kurudi kazini. Na kumbe kilomita kama 280 kutoka tauni kuna ziwa lenye kisiwa cha volkano, watu wanaishi juu yake na mbuzi wao, na kando ya maji mvuke unatoka ardhini ukipiga kelele kama sufuria ya presha. Ni Ziwa Baringo, na kisiwa ni Ol Kokwe. Hauhitaji pasipoti, unahitaji kujipanga tu.

Mara ya kwanza sisi hatukujipanga. Tulitoka Nairobi Jumamosi saa 12 asubuhi, watu watano kwa gari ya binamu yangu, tukasimama Naivasha kunywa chai, tukasimama Nakuru kununua mkate na mayai, tukasimama Mogotio kupiga picha kwa ile alama ya ikweta, na kufika Kampi ya Samaki, ule mji mdogo wa ufuoni ambapo boti zinaondokea, ilikuwa saa 7 mchana, jua linachoma hadi unasahau ulikuja kufanya nini. Kijana mmoja pale ufuoni akasema boti iko, hakuna shida. Tukapanda saa 8 na nusu, na kufika saa 9 na kitu upepo ukaamka. Mawimbi yakaanza kuruka ndani, injini ikagonga kisiki cha mti uliozama ikazima, na hapo ndipo tukahesabu zile jaketi za kuokolea tukapata ziko tatu na sisi ni sita pamoja na nahodha. Binamu yangu ni mtu wa kuongea kutoka asubuhi mpaka usiku lakini siku hiyo hakufungua mdomo hadi tukakanyaga nchi kavu. Kisiwa tulikiona kwa mbali tukarudi.

Kwa hivyo mengi utakayosoma hapa yanazunguka jambo moja: kwa hilo ziwa asubuhi ni yako, alasiri ni ya upepo. Kata kauli kwanza kwamba saa 8 mchana mtakuwa mmeshashuka boti, halafu hesabu ukirudi nyuma kutoka hapo. Ukifanya hiyo hesabu vizuri utaona lazima ulale huko usiku wa kuamkia siku ya boti. Kuna watu watakuambia unaweza kwenda na kurudi Nairobi siku moja, na ni kweli unaweza, vile tu unaweza kula ugali bila mboga.

Unaenda kuona nini hasa

Baringo iko ndani ya Bonde la Ufa, karibu mita 1,000 juu ya bahari, na chini yake ardhi bado ina moto. Ukiwa kwa boti angalia kaskazini utaona mlima Korosi, hiyo ni volkano, na ukiendelea mbele zaidi kuna Paka halafu Silali, zimejipanga kama watu kwa foleni. Ol Kokwe yenyewe ni mabaki ya volkano iliyolala, ndio maana mawe yake ni meusi na mekundu na makali kwa miguu. Maji yanapenya kwa nyufa za ardhi, yanakutana na mawe ya moto huko chini, yanarudi juu yakiwa yanachemka. Hakuna uchawi.

Kitu cha kushangaza zaidi kwangu ni kwamba ziwa hili maji yake ni matamu, yaani hayana chumvi, na hakuna mto hata mmoja unaotoka. Molo inaingia, Perkerra inaingia, hakuna inayotoka. Kwa kawaida ziwa la namna hiyo hugeuka magadi, angalia jirani yake Bogoria. Maelezo ya wataalamu ni kwamba maji ya Baringo yanavuja chini kwa chini kupitia miamba ya volkano kuelekea kaskazini, kwa hivyo chumvi haikai. Rangi ni kahawia kwa sababu ya udongo unaoletwa na mito, usije ukitarajia bluu ya Diani ukaanza kulaumu watu.

Halafu ziwa limekua. Kuanzia mwaka 2010 hivi maji yalianza kupanda, yakafunika mahoteli, nyumba, barabara na mashamba, kutoka eneo la kilomita mraba kama 130 za zamani hadi kupita 200. Ndio maana unaona vichwa vya miti iliyokauka vimesimama ndani ya maji. Picha inatoka vizuri sana hapo, lakini visiki vya chini ndivyo vinavyoua injini, kwa hivyo nahodha anayejua njia ni muhimu kuliko boti mpya.

Kutoka Nairobi

Toka Ijumaa, na usizidishe saa 5 asubuhi kama unataka kufika kabla ya giza. Ukiwa na gari ni barabara ya Naivasha mpaka Nakuru, karibu kilomita 160, ukutane na malori yote ya kwenda Malaba, halafu Nakuru unaachana nayo unaingia barabara ya Mogotio kwenda Marigat, kilomita 100 hivi, lami. Kutoka Marigat mpaka Kampi ya Samaki ni kama kilomita 20. Jaza mafuta Nakuru, na angalia upepo wa magurudumu kabla hujashuka kwa joto.

Kama hauna gari panda matatu za Nakuru pale mtaa wa River Road na Accra Road, ukifika Nakuru tafuta za Marigat ama za Kabarnet, waambie wakushushe Marigat, halafu umalizie na matatu ndogo ama boda. Ukibadilisha gari mara tatu na kungoja zijae, siku nzima imeenda, kwa hivyo abiria wa matatu toka saa 1 asubuhi.

Usiendeshe usiku kule. Na jambo lingine ambalo watu wa mitandao hawapendi kusema kwa sababu linaharibu picha: sehemu za kaunti ya Baringo zimekuwa na shida ya wizi wa mifugo na bunduki, hasa upande wa mashariki kule Mukutani na kupanda Tiaty. Kampi ya Samaki iko upande wa magharibi na watalii wanafika, lakini piga simu kwa hoteli utakayolala siku moja kabla, uulize hali iko vipi wiki hii, na wakikuambia ngoja, ngoja.

Kulala

Hapa sina mengi. Kuna mahali pa kupiga hema kando ya ziwa, kuna vyumba vya bei ya kawaida mjini, na kuna hoteli za watu wenye pesa. Cha muhimu ni neti ya mbu isiyo na mashimo maana malaria iko, na feni inayozunguka. Ukipiga hema jua kwamba viboko hutoka kula nyasi usiku, unasikia kitu kinatafuna nje kama ng'ombe mwenye haraka. Kaa ndani. Usiende kummulika na simu ati upate video.

Kutafuta boti, na hapa usiwe na haya

Fanya hii kazi Ijumaa jioni ukifika, usingoje asubuhi. Ukishuka tu gari watu watakuja, wengine ni manahodha, wengine ni madalali ambao boti hawana, wanachukua pesa yako halafu wanamtafuta mwenye boti na kumlipa nusu. Nenda mwenyewe ufuoni, ama uliza hoteli ikuunganishe na chama cha waendesha boti, halafu ongea na yule mtu ambaye mkono wake ndio utashika injini kesho.

Bei hupangwa kwa boti nzima na kwa masaa, kwa hivyo mkiwa sita kila mtu analipa kidogo, ukiwa peke yako utaumia. Kama mko wawili tafuta wengine pale hotelini jioni, Wakenya tukisikia kugawana gharama tunakuwa marafiki haraka. Kabla hujakubali bei uliza haya yote kwa sauti na wenzako wakisikia: ni masaa mangapi, mafuta yako ndani ya hiyo bei, samaki wa kumrushia furukombe (yule tai anayekula samaki) ni wa nani, tutashuka Ol Kokwe ama tutazunguka tu, kuna ada ya kushuka kisiwani, ada ya kaunti nalipia wapi. Ada za serikali daima zina risiti, idai.

Halafu mwambie akuonyeshe boti yenyewe jioni hiyo hiyo. Hesabu jaketi za kuokolea kwa kidole, moja kwa kila mtu, na mtoto awe na ya saizi yake, maana jaketi ya mtu mzima kwa mtoto inapanda shingoni na yeye anateremka chini. Fungua kamba uone kama kile kifungo kinashika. Uliza kama kuna kasia, kwa sababu injini ikizima kasia ndiyo itakupeleka nyumbani. Angalia kama maji yamejaa chini ya mbao. Kuna nahodha mmoja mzee nilimuuliza haya maswali yote nikafikiri atakasirika, akacheka akaniambia, "Kijana, wewe umeshawahi kuogopa hapa." Nikasema ndio mzee. Akasema basi tutaelewana, saa 12 na nusu uwe hapa, na usije umelewa.

Lipa kidogo mbele, kingine mkirudi. M-Pesa inafanya kazi mjini, lakini beba noti ndogo za kisiwani kwa sababu netiweki ikipotea huwezi kumwambia mama anayeuza shanga kwamba utamtumia baadaye.

Siku yenyewe

Saa 12 na nusu asubuhi ziwa limelala kama sahani. Usipoteze huo muda. Mwambie nahodha aanze polepole kando ya ufuo, kwa miti iliyozama, kwa sababu ndege wako hapo wakati huo, na Baringo imerekodiwa zaidi ya aina 450 za ndege. Mimi si mtu wa ndege, nilikuwa nawaita wote ndege, lakini ukikaa kimya na injini imezimwa hata wewe utaanza kuuliza majina. Viboko huwa kwa vikundi karibu na matete, na nahodha mzuri anakaa mbali nao na kuwaachia njia ya kuingia maji mengi. Akikaribia ili kukufurahisha mwambie arudi, usione haya. Mamba utaona pua na macho tu. Watu watakuambia mamba wa Baringo ni wadogo na hawasumbui mtu, na utaona watoto wanaoga, lakini wewe weka mkono wako ndani ya boti.

Kisha furukombe. Hii usikose. Nahodha anasimamisha boti kwa wavuvi, ananunua samaki wadogo, halafu anachukua kipande cha mti wa ambachi, huo mti mwepesi kama sifongo ambao Wailchamus, wenyeji wa hapa, wanaunda nao mitumbwi yao, anakisukuma kwa mdomo wa samaki mpaka kiingie tumboni. Nilifikiri anafanya mzaha. Kumbe bila hicho kijiti samaki angezama, na furukombe hapigi mbizi, anaokota juu ya maji. Anapiga mluzi, anainua samaki juu ndege amwone, anamrusha. Kwa sekunde kama tatu hakuna kitu, halafu unaona yule ndege anaacha mti huko mbali, kichwa cheupe, anashuka kwa mstari ulionyooka, miguu mbele, anaokota bila hata kulowesha kifua. Mara ya kwanza nilikuwa nashika simu vibaya nikarekodi anga. Fanya hivi: usimfuate ndege kwa simu, elekeza simu pale samaki anaelea, weka ile video ya mwendo wa pole, ungoje. Na samaki wawili watatu wanatosha, msimgeuze ndege wa watu ombaomba.

Baada ya hapo pita kile kisiwa kidogo cha majabali wanachokiita Gibraltar. Korongo goliathi wanazaa hapo, ni korongo mkubwa kuliko wote duniani, akisimama anakufikia kifuani ama zaidi. Unazunguka tu, hamshuki.

Mtafika Ol Kokwe kama saa 3 asubuhi. Hapo ni kwa watu, kuna maboma, kuna shule, kuna mbuzi. Wenyeji ni Wailchamus, wengine huwaita Wanjemps, na lugha yao ni ya Kimaa, kwa hivyo ukisema "supa" utajibiwa na tabasamu. Chukua kijana wa pale awaongoze, nahodha atamjua, na mkubaliane bei kabla ya kuanza kutembea. Omba ruhusa kabla ya kupiga mtu picha, hasa wazee. Vaa viatu vilivyofunga, yale mawe na miiba ya mathenge yanakula ndala bila huruma. Mathenge ni ule mti ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka janga, mpaka wenyeji wa Baringo wakaenda mahakamani Nairobi na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake. Kijana wenu wa kuongoza atawasimulia, kila mtu huko anaijua.

Chemchemi za maji moto

Sahau ile picha ya watu wamekaa ndani ya maji ya vuguvugu na glasi mkononi. Haya yanachemka. Kwa urefu ule juu ya bahari maji huchemka kwa karibu nyuzi 97, na sehemu zingine yanatoka ardhini yakiwa karibu hapo. Utasikia kwanza kabla hujaona, sauti ya kufoka, halafu harufu kama mayai yaliyoharibika, halafu mvuke unatoka katikati ya mawe. Nyingine ziko pale pale ufuoni, na kwa vile ziwa limepanda kuna zilizofunikwa, unaona mapovu tu yanapanda ndani ya ziwa.

Shida kubwa ni kwamba ardhi inadanganya. Juu imekauka na ni nyeupe kidogo kama imepakwa chokaa, chini yake inaweza kuwa tope la moto, unakanyaga mguu unaingia. Kwa hivyo fuata nyayo za kijana anayewaongoza, mmoja nyuma ya mwingine, usikate kona kwenda kupiga selfi, na mtoto mshike mkono, usimshike kwa maneno. Usipime maji na kidole. Na mvuke wenyewe unachoma, upepo ukigeuka sogea.

Mahali ambapo maji ya chemchemi yanachanganyika na ya ziwa huwa vuguvugu na utatamani kuingia. Kumbuka mamba naye anapenda joto.

Mkishamaliza kuleni huko kisiwani kama kuna mama anapika, ama mrudi Kampi ya Samaki. Uliza kamongo. Ni samaki mrefu kama nyoka anayepumua hewa kwa mapafu, aliletwa ziwani miaka ya 1970 na sasa ndiye wavuvi wanapata sana. Nyama yake ina mafuta, binamu yangu alikataa akiona kichwa, akala mbili baada ya kuonja ya kwangu. Tilapia akipatikana pia ni mtamu lakini amepungua. Kufika saa 6 ama saa 7 angalieni miti ya kisiwani, majani yakianza kugeuka nyuma ingieni boti. Nahodha akisema twende hata kama chakula kiko nusu, beba kwa mkono twende.

Vitu vya kubeba

Maji lita tatu kila mtu na si utani, hapa joto linapita nyuzi 30 na kwenye boti hakuna kivuli, isipokuwa yenye turubai. Kofia yenye kamba, maana isiyo na kamba itakuwa ya mamba. Shati ya mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua hata kama ngozi yako ni nyeusi kama yangu, mimi nilibambuka pua. Mfuko wa plastiki ngumu wa simu na pesa, pawa benki, dawa ya mbu ya jioni, na dawa zako za kawaida kwa sababu hospitali kubwa si ya kukimbilia. Sweta ndogo ya asubuhi kwenye boti, utanishukuru. Pombe iache hotelini.

Jumapili, kabla ya kurudi

Kama mmelala usiku wa pili, amkeni mpitie Bogoria, ukifika Marigat unakunja kwenda geti la Loboi. Hilo ziwa ni la magadi, liko kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011 pamoja na Nakuru na Elementaita, na pale Loburu maji moto yanaruka juu kama bomba limepasuka. Hapo pia ziwa lilipanda likameza baadhi, kwa hivyo waulize kwa geti ni zipi zinaonekana sasa na barabara ya ndani inafika wapi. Flamingo huja na kuhama, siku zingine ufuo wote ni wa waridi, siku zingine unahesabu kumi.

Yale mayai tuliyonunua Nakuru safari ya kwanza yaliishia kuwa kiamsha kinywa. Safari ya pili tulibeba trei nusu. Unatia mayai kwa mfuko wa wavu ama kijikapu, unakifunga kwa fimbo ndefu, unateremsha polepole kwa maji ukisimama mbali, dakika 10 hivi yameiva. Ganda linatoka na harufu kidogo, ndani ni yai la kawaida, chumvi ubebe yako. Na kama bado una hamu ya kuingia maji ya moto kuna hoteli karibu na geti yenye bwawa linalojazwa na chemchemi ya vuguvugu, hapo ndipo pa kukaa ukiloweka mgongo na hakuna mamba.

Ondoka kufika saa 6 mchana ili upite Nakuru mapema kabla foleni ya Jumapili ya kuingia Nairobi haijashika. Njiani kutoka Marigat utaona watu wameweka asali kwa chupa kando ya barabara. Nunua, asali ya Baringo ina jina, lakini mwambie akufungulie uonje, halafu igeuze chupa kichwa chini uangalie lile povu la hewa linapanda vipi. Likikimbia juu kama la soda huenda hapo kuna maji ya sukari, mrudishie chupa yake umwambie asante mama, uende kwa anayefuata.